Kungwi wa Baridi

Watu wa pwani tukifika Berea, Johannesburg, tulikuwa tunamjua yeye kabla hatujajua duka la mkate liko wapi. Unashuka basi mwezi wa tano na kifulana chako cha mikono mifupi, mwenyeji wako anakutazama mara moja tu, anasema, "Huyu lazima apelekwe kwa Kungwi." Wanaume walikuwa wanashtuka. Kwetu kungwi ni mwanamke mtu mzima anayemfunda mwari mambo ya unyumba, sasa mwanamume mwenye ndevu zake apelekwe kwa kungwi kwa lipi? Kwa baridi. Alikuwa anafunda watu baridi, wake kwa waume, Watanzania, Wakongo, Warundi, yeyote aliyepanda ngazi mpaka ghorofa ya sita akabisha hodi.

Mimi nilikaa naye chumba kimoja miaka mitano, tumegawana kwa pazia. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kila mtu anajifanya alimjua. Alizaliwa mwaka gani sijui, ukoo wake sikuuliza. Lakini anavyokoroma najua, na najua kwamba akikasirika anakunja vitu: anakunja kanga, anakunja mfuko wa plastiki, anakunja hata risiti, mpaka hasira iishe. Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mwenye miguu mikubwa, na kazi yake ilikuwa kuuza majezi, yaani masweta, na mablanketi ya mtumba barabarani.

Somo lake lilikuwa na taratibu. Unavua viatu, unakaa mkekani, unanyoosha miguu. Yeye anakaa kwenye kigoda na mwiko mkononi, na mwiko huo si wa ugali, ni wa kugongea magoti ya anayesinzia. Halafu anasema, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza kama chai ina sukari, "Mimi nilimuua mume wangu kwa joto. Rudia."

Na wewe inabidi urudie. Hataki kichwa cha kutikisa, anataka mdomo. "Wewe ulimuua mume wako kwa joto." Wengine walikuwa wanashindwa, wanatazama chini, wanasema aa, mama, siwezi kusema hivyo. Anagonga goti. "Sema. Ukiona haya kusema utaona haya kufungua dirisha." Ndipo wanasema.

Kisa chenyewe alikisimulia kwa maneno yale yale kila mara. Ilikuwa baridi yao ya kwanza katika mji huu, yeye na mumewe. Umeme wa jengo ulikuwa umekatwa. Akapata jiko la bati lenye matundu, lile wenyeji wanaloliita mbaula, akalijaza makaa ya mawe, akaliwasha, akaliweka katikati ya chumba. Akaziba dirisha kwa magazeti. Ilikuwa Alhamisi kuamkia Ijumaa, akatupia na udi kidogo ili chumba kinukie. Kwetu jambo hilo halina ubaya wowote. Mzazi akijifungua anawekewa makaa chini ya kitanda, chetezo kinafuka chumbani na watu wamelala. Lakini nyumba za kwetu zinapumua, kati ya ukuta na bati panapita paka. Ghorofa za hapa ukiziziba zimezibika. Yeye alilala upande wa mlango, panapopenya hewa kwa chini, na mumewe akalala upande wa ukuta. Asubuhi aliamka kichwa kinamgonga, akamwona mwenzake amelala, akasema mwache alale, maana tangu waje mtu huyu hajalala usingizi wa maana. Akachemsha chai. Chai ilipopoa ndipo alipomgusa.

Hivyo ndivyo alivyowasimulia watu ambao hata majina yao hayajui. Kinyozi mmoja, mtu wa Lubumbashi, alijua. Mlinzi Mrundi wa getini alijua. Wasichana wanaouza ndizi kwenye robot ya chini, taa za barabarani, walijua, na wao hawakuwahi hata kufundwa. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, binti yake. Alimwacha Tanga kwa bibi yake akiwa na miaka tisa, na mtoto akaambiwa baba amekufa kwa kifua. Kungwi mwenyewe ndiye aliyewapigia simu akasema ni kifua. Kila mwaka alikuwa ananiambia, "Akija nitamwambia. Jambo hili halisemwi kwenye simu." Na kila mwaka binti alikuwa hajaja, na nadhani hilo lilimpa nafuu, ingawa alikuwa anamlilia usiku na mchana.

Basi. Masomo mengine hayakuwa ya kutisha, mengi yalikuwa ya kuchekesha.

Somo la jua, kwa mfano. Baridi ya Johannesburg ni kavu, na jua linawaka kweupe tangu asubuhi, hakuna hata wingu. Mgeni anachungulia dirishani, anaona jua la Tanga kabisa, anatoka na ndala. Anarudi baada ya robo saa meno yanagongana. "Jua la mwezi wa sita ni la kutazama," alikuwa anasema, "si la kuota." Akakufundisha kuoga saa saba mchana na si alfajiri, kupaka mafuta mwili bado una maji, kutoosha vidole vilivyokufa ganzi kwa maji ya moto. Akakufundisha kwamba Magharibi huku inaingia mapema, saa kumi na moja na nusu jua limeshazama, na ukisubiri saa yako ya Dar utaswali usiku.

Somo la mafuta ya nazi lilikuwa langu. Nilikuja na chupa mbili za mama yangu. Asubuhi moja nikaamka nikakuta yameganda meupe kama mshumaa, nikapiga ukelele kwamba nimeharibiwa, kuna mtu kafanya jambo. Kungwi alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha chupa yake mwenyewe iliyokuwa kwenye kizingiti cha dirisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda yake. Yakiganda asubuhi na kuyeyuka mchana, baridi yenyewe bado. Yakifika saa sita mchana bado magumu, baridi imeingia, peleka mablanketi mazito sokoni. Watabiri wa redio hakuwasikiliza hata siku moja. Na nasema kweli, wachuuzi wenzake walikuwa wanampitia asubuhi kumuuliza, "Kungwi, chupa inasemaje?"

Kinyozi wa Lubumbashi yeye alipanda ngazi zote sita mbio, shati jekundu kifuani. "Mama! Damu inatoka mu pua, mi njo nakufa!" Kungwi akamwinamisha kichwa, akambana pua, akamwambia ni hewa kavu, kila mtu inamtoka, kaa. Yule bwana baada ya damu kukatika akasema tena kwa aibu, polepole, kwamba kuna jambo lingine. Blanketi lake usiku linatoa cheche. Amemwita mchungaji aombe, mchungaji ameomba, cheche zipo. Hapo hata mimi nilikaa vizuri, maana mwezi uliopita nilikuwa nimemwita sheikh kwa jambo lile lile. Kungwi akavua jezi yake ya sufi kwa nguvu pale pale, ikalia tata-tata-ta na kutoa cheche zile zile. "Haya," akasema, "nami niombeeni."

Majira ya hapa alikuwa ameyapa majina yake mwenyewe, maana aliona kipupwe chetu hakiwezi kubeba kitu hiki. Kulikuwa na miezi ya nyasi kufa. Kulikuwa na mwezi wa vumbi, ndio wa nane, upepo unapofagia mavumbi ya migodini na kukutia mchanga kwenye meno. Kulikuwa na miezi ya radi, kuanzia wa kumi: asubuhi jua, saa nane mawingu meusi, saa tisa ngurumo mpaka vioo vinatetemeka, saa kumi na moja jua tena na barabara inatoa mvuke. Jakaranda zikichanua, watu wanapiga picha, yeye alikuwa anapita kichwa chini. "Miti inajipamba kama ina harusi," alisema, "wakati watu ndio kwanza wametoka kuzika." Nilimwambia miti haina kosa. Akakunja mfuko wa plastiki mara nne.

Lakini mtu huyu huyu alikuwa anaipenda mvua ya mawe kuliko mtoto mdogo anavyoipenda. Sote tunakimbilia ndani, tunafunika vichwa, magari ya watu yanabondeka, yeye anatoka barazani na bakuli. Anakusanya zile barafu, anazitia kwenye juisi ya ukwaju, anakaa anazitafuna. Nilimuuliza, wewe mwenye kuhubiri baridi kutwa, hii nayo? Akasema, "Hii imekuja mchana na imepiga hodi." Na soksi hakuvaa. Alifundisha watu wavae soksi mbili mbili, na yeye mwenyewe mwezi wa saba yuko na ndala, visigino vimepasuka, ukimwambia anasema miguu yake haisikii kitu tangu zamani. Kuoga pia, alfajiri na maji baridi, kinyume cha somo lake mwenyewe. Niliacha kuuliza.

Malipo hakuchukua. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba ukishafundwa nawe utamfunda mwingine. Kwa hiyo mwaka wangu wa pili nilikuwa msaidizi wake, na wa tatu nilikuwa nafunda peke yangu yeye akichelewa sokoni. Mimi nilibadilisha neno moja tu. Pale anaposema "mimi" nilisema "mwenye chumba hiki." Mwenye chumba hiki alimuua mume wake kwa joto. Rudia. Nimelisema mara ngapi sijui. Mara za mwanzo nilikuwa nalisema nikitazama mkeka. Baadaye likawa kama kuhesabu mistari ya nywele ninaposuka, mdomo unakwenda wenyewe na wewe unafikiria unga umebaki kiasi gani.

Mwaka huo wa tatu mama yangu alifariki, Temeke. Simu ilikuja nikiwa saluni nasuka kichwa cha mteja. Nikasikiliza, nikasema haya, nikaweka simu chini, nikamaliza kichwa. Kwenda sikuweza, karatasi zangu zingeniruhusu kutoka lakini si kurudi. Kungwi alinikalisha mkekani, akaniletea uji, akasubiri nilie. Sikulia. Akasema, "Hata vidole vikifa ganzi, mwanangu, siku damu ikirudi vinauma." Nikamwambia sawa. Nilikuwa sisikii uchungu, sisikii njaa, sisikii hata ile baridi yenyewe. Nilikwenda kazini kesho yake. Ndivyo nilivyokuwa kuanzia hapo, na sijivunii, naeleza tu ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani siku ya Jumapili nitakayoisimulia.

Binti alikuja mwezi wa sita wa mwaka wangu wa tano. Miaka ishirini, mrefu kuliko mama yake, mcheshi, ana sauti ya juu. Kungwi alimfungulia mlango akamshika uso kwa mikono miwili kama mtu anayepima tikiti. Akamvika jezi tatu siku hiyo hiyo. Akamlaza upande wa mlango, yeye akahamia ukutani. Lakini kumfunda hakumfunda. Nilimuuliza, vipi, mbona mwari huyu hajakaa mkekani? Akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na jengo letu wakati huo halina umeme tena.

Alasiri moja binti akaingia kakumbatia jiko la bati, kafurahi huyo! Jirani wa ghorofa ya tatu anahama, kampa bure na nusu gunia la makaa. "Mama, leo tutaota moto! Nitalala kama niko nyumbani." Kungwi alikuwa anakunja kanga. Akaiacha, akainuka, akamchukulia lile jiko mikononi, akashuka nalo ngazi zote mpaka chini. Binti akanitazama. "Dada, nimekosa nini?" Nikamwambia hujakosa kitu, mama yako hapendi masizi. Sasa fikiria: mtu aliyefunda mji mzima amebaki na mtoto wake mwenyewe ambaye hajui kwamba jiko linaua, na akimwambia kwa nini linaua, amemwambia yote.

Siku ya Jumamosi Kungwi akanivuta upande wangu wa pazia. "Kesho kuna wageni wanne," akasema. "Mfundishe pamoja nao, asijione yuko peke yake. Anza na somo la pili. Lile la kwanza usiliguse. La kwanza nitamwambia mwenyewe kesho jioni nikitoka sokoni, nimeshaamua." Nikasema sawa, mama. Akasema, "Apa." Nikasema, "Wallahi siligusi."

Nilikuwa nimesuka vichwa tangu Ijumaa. Sisemi hivyo kwa kujitetea, wengine huchoka na bado hutimiza ahadi zao. Jumapili saa nne wageni wakaja, Watanga wawili na mtu na mkewe kutoka Bukavu, wakavua viatu, wakakaa, binti akakaa mwisho wa mkeka karibu na mlango. Nikakaa kigodani. Nikashika mwiko. Jozi tano za miguu zimenyooshwa mbele yangu kama miguu yote ya miaka yote, na mdomo ukafunguka wenyewe: "Mwenye chumba hiki alimuua mume wake kwa joto. Rudieni."

Wakarudia. Binti sauti yake ilikuwa ya juu kuliko zote, anacheka, alidhani ni mchezo kama ile michezo ya unyago.

"Aliwasha makaa ya mawe, akaziba dirisha kwa magazeti. Rudieni."

Wakarudia.

"Mume alilala ukutani, yeye akalala mlangoni. Rudieni."

Nikasikia sauti zimepungua. Zilikuwa nne. Hapo ndipo nilipoinua macho, na bado, Mungu anisamehe, ilinichukua muda kujua ni kwa nini zimekuwa nne.

"Kifua," binti akasema. "Bibi aliniambia ni kifua."

Nilipaswa kusema kitu. Ningeweza hata kusema mwenye chumba ni mimi, ningeweza kujibebesha mume ambaye sikuwahi kuwa naye. Sikusema. Binti akavaa viatu vyake, akafunga kamba vizuri, zote mbili, akachukua mkoba. Mlango aliuacha wazi, kwa hiyo nilisikia yote. Kungwi alikuwa anapanda ngazi na mizigo yake, karudi mapema kuliko siku zote. Nadhani alishindwa kukaa sokoni. Wakakutana ghorofa ya nne au ya tano.

"Shikamoo, mama," binti akasema, na hatua zake zikaendelea kushuka, hazikusimama.

"Marahaba," Kungwi akajibu. Alijibu binti ameshafika chini.

Akaingia. Akatazama mkeka, akatazama nafasi ya mwisho, akatazama mwiko mkononi mwangu. "Mmefika somo la ngapi?"

"La kwanza."

Akanichukulia mwiko. Nikainuka, akakaa. Akawafunda wale wanne la pili, la tatu, mpaka la mwisho, jua, mafuta, damu ya puani, cheche, na mmoja aliposinzia akamgonga goti. Chozi halikumtoka. Mimi nilisimama nimeegemea ukuta na sikuhisi kitu chochote. Watu wameniuliza kama nilifanya makusudi, kwamba labda nilichoka kuona anaahirisha. Ningejua ningesema. Ingekuwa afadhali.

Wiki hiyo nilihamia La Rochelle, kusini mwa mji. Hakunifukuza. Alikuwa ananisalimia, ananiwekea chakula, na hakunitazama usoni. Binti nilisikia yuko upande huo huo wa kusini, anakaa na wanawake wa Tanga, anauza dukani. Nilimwona mara moja ng'ambo ya barabara, kavaa jezi moja tu, nikageuza njia.

Zikapita baridi mbili.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mwezi wake wa vumbi, nilikwenda Newtown, katikati ya mji, kutafuta nywele za kusukia. Upepo ulikuwa unarusha maboksi. Nikasikia sauti inamkemea mteja, "Hiyo usivae peke yake, utaifia," na miguu ikasimama yenyewe. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wa mablanketi, kapungua, nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Nilikuwa na hotuba niliyoitunga miaka miwili. Nikaishia kusema, "Shikamoo, Kungwi."

"Marahaba. Umekonda." Akasogeza majezi. "Nilikutukana mwaka mzima, mtoto wa Dar. Kila asubuhi nikipanga biashara, tusi moja kwa kila blanketi."

"Nilistahili."

"Ulistahili mengi zaidi, lakini mablanketi yaliisha." Hakucheka. Nami sikucheka. Mteja akarudisha jezi, akachukua nyingine, akaondoka. Kungwi akasema, bila kunigeukia, "Amekuja."

Sikuhitaji kuuliza nani.

"Mwezi uliopita. Kabisha hodi kama mgeni. Nikampa kigoda, akakataa, akakaa chini. Nikafikiri sasa ataniuliza. Kwa nini uliwasha, kwa nini uliziba, kwa nini ulidanganya. Majibu yote ninayo, nimejiandalia. Hakuuliza hata moja." Alishika ukosi wa jezi, akawa anaunyoosha ingawa ulikuwa umenyooka. "Aliniuliza, 'Baba alisema nini mara ya mwisho?'"

"Ukamwambiaje?"

"Ukweli. Mara ngapi nimesimulia kisa kile, we mwenyewe unajua, na neno la marehemu hata moja halimo. Hakuna mtu aliyeniuliza, na mimi sikulitia. Nilimwambia alivuta blanketi mpaka hapa," akajigusa kidevu, "akasema, 'Ahsante, mke wangu. Leo ndio nimepata joto.' Akageukia ukutani, akalala."

Upepo ukapiga. Tukafumba macho wote wawili tukisubiri upite.

"Binti akasema nini?"

"Akasema, 'Basi hakuogopa.'" Kungwi akaweka jezi chini. "Hivyo tu. 'Basi hakuogopa.' Na mimi miaka yote hiyo, mwanangu, sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria mikono yangu tu, ilivyowasha kiberiti. Yeye kama aliogopa au hakuogopa, sikuwahi kumuuliza Mungu."

Uso ulikuwa unamlowa na alikuwa anauacha ulowe, mbele ya wateja, mchana kweupe. Nami kifuani kukaanza kitu, nikadhani ni vumbi, nikakohoa, hakikutoka. Kilikuwa ni mama yangu. Nilimwona Temeke kitandani, na nikajua kwamba tangu siku ile ya simu sikuwahi kumuuliza mtu yeyote alisema nini mara ya mwisho, kama alinitaja, kama aliogopa. Ndugu zangu wako hai, simu ninayo mfukoni, miaka minne. Iliniuma mpaka nikakaa chini, nikamwambia Kungwi kwamba neno la mwisho la mama yangu sikuwahi kuliulizia. Kungwi akasogea, akanipa nafasi juu ya mablanketi, akasema, "Piga." Nikatoa simu nikampigia dada yangu.